Ganda la Kumi na Saba

Baba yangu alikuwa na kazi ambayo nikiwaeleza wenzangu pale Kariakoo wanasema nawapiga fiksi. Alikuwa anachagua maganda ya risasi. Si risasi, nasema maganda, ile shaba tupu inayobaki bunduki ikishalia. Duka la silaha lilikuwa mjini, karibu na Mnazi Mmoja, leseni zimejaa ukutani, na mlango wa chuma haufunguliwi mpaka ubonyeze kengele na utazamwe kwanza. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba chenye dirisha moja. Kwenye dirisha hilo baba alikaa miaka ishirini na kitu, anageuza maganda vidoleni: hili zima, hili bovu. Zima lilikwenda kwa fundi wa chumba cha pili, akalijaza upya. Bovu lilikwenda kwenye koleo, likaminywa hapohapo mpaka likawa bapa, asije mtu akalirudisha kwenye sinia kwa bahati mbaya.

“Watu wote wanaangalia risasi,” alikuwa akiniambia. “Risasi inatoka, inaenda zake. Ganda ndilo linalobaki na moto, hapo hapo karibu na shavu la mtu.”

Alikuwa na vipimo vitatu. Cha kwanza macho: shingo ya ganda isiwe na ufa, na kule chini karibu na kitako usionekane mduara unaong'aa kulizunguka, maana mduara ule ni dalili kwamba shaba imeanza kukonda kwa ndani. Cha pili sikio: anachukua manne matano, anayatikisa kiganjani. Yaliyo mazima yanalia vizuri, lenye ufa linalia bubu. Cha tatu ni waya. Alikuwa na kiwaya chake chembamba cha chuma, ncha ameipinda ikawa kindoano kidogo hivi, anakiingiza ndani ya ganda na kukiburuza ukutani kutoka chini kuja juu. Penye mfereji, ndoano inanasa. Hata kama mfereji ni mwembamba kuliko unywele, baba anausikia kwenye kidole. Kile kiwaya alikuwa hamwazimi mtu.

Basi macho yakaanza kumpotea. Presha ya macho, daktari alisema, na ikishakula haitapiki. Ilianza pembeni ikawa inakuja katikati. Baba alimwambia mtu mmoja tu duniani, mimi. Mama alishatangulia, ndugu zetu wako Upareni, na sisi wawili tulikuwa na vyumba viwili Magomeni. Aliniambia huku ameshika kichupa cha dawa ya matone kama anataka kunirushia.

“Tajiri akijua, nimekwisha.”

Nikamwambia huyo mwenye duka hatajua. Nikamwambia mimi nitakuwa naona kwa niaba yako. Mdomo wangu huu, jamani! Tangu utoto unaahidi kwanza, akili inafuata nyuma inahema.

Mimi nauza zipu na vifungo, meza yangu iko Mtaa wa Kongo. Kila asubuhi kabla ya kutandaza biashara nilipitia dukani na chupa ya chai na chapati mbili, binti mwema anamletea baba yake kifungua kinywa. Tajiri alinisifu mpaka nikawa naona aibu. Kumbe nikishaingia chumba cha nyuma naweka chai chini, nasimama dirishani, nayatazama maganda moja moja. Mimi macho, baba sikio na waya. Kwa miaka miwili tulifanya hivyo, na nakula kiapo kwamba kwa miaka miwili halikutoka ganda bovu hata moja.

Sasa Mangi. Simtaji jina, na hata hivyo Kariakoo nzima ilimwita Mangi, kama inavyowaita Wachaga wote wenye maduka. Aliuza mablanketi na chupa za chai kwa jumla, mtu wa miraba minne, sauti yake unaisikia kabla hujalifikia duka. Alikuwa na bunduki aliyorithi kwa baba yake, ya zamani sana, na risasi za saizi ile hazikuwa zikiletwa tena nchini. Kwa hiyo alikuwa na maganda ishirini, basi. Kila msimu anachukua kibali chake, anakwenda kusini kuwinda nyati, anarudi na maganda yake kwenye soksi, anayaleta kwa baba yachaguliwe yajazwe tena.

Yeye Mchaga, sisi Wapare, tunaosemwa kwa ubahili na kupenda kesi. Na Mpare na Mchaga ni watani, jambo hilo halina kikao. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na huna pa kushtaki. Mtani akifiwa unakwenda kumchekesha, akifa wewe unalizuia jeneza lake mlangoni mpaka upewe chochote. Mangi akiingia pale dukani kazi ilisimama.

“Mpare, bado unakula ugali kwa harufu ya samaki wa jirani?”

“Nakula,” baba anajibu, “na jirani nimemfungulia kesi, harufu yake imepungua.”

“Nikifa usije kwangu na njaa zako.”

“Nitakuja na sarafu mbili. Nitazitikisa sikioni kwako. Usipoamka ndiyo tutajua umekufa kweli, tuzike.”

Walicheka mpaka wanashikana mabega. Hicho cha sarafu walikirudia kila mara, na kila mara kilikuwa kipya. Na mimi, mtoto wa mtani, sikubaki nyuma. Mwezi mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia nilimkuta kwa kinyozi, povu limejaa kidevuni, nikaingia nahema: “Mangi, naapa kwa Mungu, watu wa kodi wanaifunga stoo yako ya Gerezani!” Alitoka mbio na kitambaa cha kinyozi shingoni, upande mmoja kanyolewa upande mmoja bado. Mtaa mzima ulimwona. Alipokuta kufuli ni lake mwenyewe, alirudi akawanunulia watu soda kreti nzima, akaninyooshea kidole.

“Utanikoma, binti wa bahili.”

Nilijiona mjanja kweli.

Siku alipoleta maganda yale ishirini ilikuwa Jumatatu. Asubuhi ya Jumanne mimi na baba tuliyashika. Matatu niliyakataa mara moja, yana ufa shingoni, na baba akayaminya. Kumi na sita yalipita bila maneno. Likabaki moja. Niliona kitu kule chini karibu na kitako, mduara hafifu, ukiligeuza unang'aa, ukiligeuza tena haupo.

“Hili lina mduara, baba.”

Akalitikisa na wenzake. Likalia vizuri. Akaingiza kiwaya, akaburuza, akageuza ganda, akaburuza tena, uso umetulia.

“Hamna kitu. Ni alama ya mtambo tu.”

“Mimi naona mduara.”

“Na mimi nasikia hamna.”

Hapo simu yangu ikalia. Mwenzangu wa meza ya jirani ananiita mbio, mgambo wameingia Mtaa wa Kongo, mizigo inabebwa. Nilitazama ganda, nikatazama mlango. Zipu zangu zote zilikuwa kwenye mfuko wa salfeti chini ya meza.

“Haya mzee, lako hilo,” nikasema, nikakimbia.

Mizigo yangu niliiwahi. Ganda likawa la kumi na saba kwenye sinia ya maganda mazima, likaenda kwa fundi, na Jumatano Mangi akachukua kiboksi chake akaondoka anaimba.

Alhamisi asubuhi nilikuwa tena dirishani. Baba alikuwa anamimina chai, akaniambia nimshikie kiwaya chake. Nikakishika. Nikakitazama hivihivi tu, kama mtu anavyotazama kitu alichopewa akishike.

Ncha haikuwepo.

Kindoano kilikuwa kimekatika. Kilichobaki ni kijichuma kilichonyooka, tena kimelainika kwa kuburuzwa, maana yake kimekatika siku nyingi. Kwenye droo baba alikuwa na ganda moja bovu alilolitunza kwa kunifundishia, lina mfereji ndani ambao hata mtoto angeusikia. Nikaingiza kile kiwaya nikaburuza. Kikateleza, laini, kama kwenye kioo. Nikachomoa pini kwenye mtandio wangu, nikaipinda ncha kwa koleo, nikaingiza. Ikanasa pale pale.

“Baba, waya wako umekatika.”

Akaweka kikombe chini. Akakichukua kiwaya, akapapasa ncha kwa kidole gumba, mara moja, mara mbili. Mtu mwenye macho angeona siku ile ile kilipokatika. Yeye alikuwa anaburuza kijiti kitupu kwenye maganda ya watu, na kwa kuwa hakinasi popote, akajua hamna kitu.

“La Mangi,” akasema.

“La Mangi.”

“Anaondoka leo.”

Akasimama, akashika ukuta. “Twende kwa tajiri. Ampigie simu sasa hivi. Akipiga tajiri, Mangi atarudisha.”

Niandike hapa kama lilivyo, maana hapa ndipo pananiuma mpaka leo. Baba alitaka kusema. Mimi ndiye niliyemkamata mkono.

“Baba, ukimwambia tajiri, atauliza ilikuwaje ukashindwa kuona waya. Utamjibu nini? Leo hii hii unatoka hapa. Twende kwa Mangi wenyewe, si hapo tu? Tunalichukua lile ganda, yanaisha kimyakimya.”

Alisita. Mimi nikamvuta.

Tulitoka, nikamwambia tajiri baba anakwenda kupima presha. Kutoka Mnazi Mmoja mpaka kwa Mangi ni mwendo mfupi kwa mtu mzima, lakini kwa baba, Kariakoo asubuhi, mikokoteni inakuja huku, bodaboda kule, mtu kabeba magodoro kichwani haoni mbele! Nilimshika kiwiko, nikawa natukana kila anayetukaribia. Baba alijikwaa kwenye kamba ya turubai akaanguka kwa goti. Akainuka, akaendelea kutembea. Roho yangu ilikuwa juu juu, naomba tu gari la Mangi liwe bado lipo.

Lilikuwepo. Lilikuwa limewashwa, limepaki mbele ya duka, vijana wanafunga turubai nyuma. Mangi mwenyewe kavaa koti la porini, wateja wamemzunguka wanamtakia safari njema. Alipotuona akafungua mikono.

“Shikamoo Mangi.”

“Marahaba, binti wa bahili. Leo umemtoa na mzee? Kuna shughuli ya kula bure wapi?”

Watu wakaanza kucheka hata kabla baba hajafumbua mdomo. Nikajua tumekwisha.

“Mangi,” baba akasema, “nipe kile kiboksi cha risasi.”

“Kwa nini?”

“Kuna ganda moja bovu. Limekonda ndani. Litakatika ukipiga.”

Mangi akawageukia wateja. “Njooni msikie, aisee! Mpare kanirudishia maganda kumi na saba, kaenda nyumbani, usingizi hana! Roho inamuuma kwamba hakubakiza hata moja!”

“Sikutanii.”

Neno hilo ndilo tulilokuwa tukianzia utani kila siku ya Mungu. Sikutanii Mangi, mke wako kakimbia. Sikutanii Mpare, wameifuta kesi yako. Watu walipiga makofi.

Baba akakaza sauti. “Mangi, mimi sioni. Macho yangu yamekufa. Mwaka wa pili huu.”

Niliuona uso wa Mangi ukibadilika, nikasema Alhamdulillahi. Kisha akachomoa noti ya elfu kumi, akaipepea pembeni, upande wa kulia wa baba.

“Na hii unaiona?”

Baba hakuiona. Upande ule alikuwa haoni chochote. Alimtafuta Mangi kwa sauti, akageuka upande usio wenyewe, akaikazia macho nguzo ya duka. Basi! Pale palilipuka. Wapagazi walitua mizigo yao wacheke vizuri. Mpare haioni hela! Mama mmoja muuza karanga alikaa chini kabisa. Mangi alikuwa anafuta machozi, anasema huyu mzee angekuwa anaigiza kwenye runinga, anatuficha kipaji.

Nikapasuka. Nilipiga kelele, nililia machozi ya kweli, kamasi zinanitoka. “Mangi, naapa kwa Mungu, utakufa! Naapa!”

Akanitazama kwa upendo, maskini, kwa upendo kabisa.

“Hata siku ile ya stoo uliapa.”

Nikarukia mlango wa gari, begi la bunduki nililiona kiti cha nyuma limefungwa kwa kufuli. Dereva akanishika kiuno akaniweka pembeni taratibu, anacheka. Mangi akapanda. Akatoa kichwa dirishani.

“Nitakuletea paja, Mpare. Ule nyama yenyewe mara moja kabla hujafa.”

Gari likaingia Mtaa wa Msimbazi, likapotea. Watu wakarudi kwenye biashara zao.

Baba akaniambia, “Sasa twende kwa tajiri.”

Na mimi, mara ya pili, nikamwambia asubiri. Nilisema Mangi akifika njiani umati haupo, tutampigia, atatusikiliza. Nilisema hivyo nikiwa nazifikiria dawa za matone na chumba cha Magomeni na baba amekaa kwenye ngazi mchana kutwa hana pa kwenda. Sikumfikiria Mangi. Namsingizia nani? Sikumfikiria.

Saa nane Mangi alipokea simu. Nilisikia upepo na wenzake garini. Nikamwambia Mangi nisikilize tafadhali, akaweka sauti ya wote wasikie: “Huyu hapa mtoto wa Mpare, bado anadai ganda!” Wakacheka gari zima, simu ikakatika. Nilipopiga tena iliita bila kupokelewa. Saa kumi ikawa haipatikani, na haikupatikana tena.

Sijui kama umewahi kupiga namba moja mara mia. Unafika mahali unamchukia yule mwanamke wa kwenye simu anayekwambia haipatikani kwa sasa, unamjibu kabisa, mshenzi wewe, nipe mtu wangu. Ijumaa sikufungua meza. Baba hakula. Alikaa nyumbani na ganda lile la kufundishia, alilokuja nalo mfukoni, na pini yangu ya mtandio, anaburuza, inanasa, anaburuza, inanasa. Nikamwambia acha baba, anatazama upande mwingine.

Jumamosi nilikuta hayupo. Alikuwa ametoka peke yake, kutoka Magomeni mpaka mjini. Mpaka leo sijui alivukaje barabara. Nilipofika dukani alikuwa amesimama mbele ya tajiri, shati limechanika bega, anamaliza kueleza. Alisema yote, waya, macho, miaka miwili. Kitu kimoja hakusema. Hakusema kwamba alitaka kuja Alhamisi, mimi nikamzuia. Nilisubiri aseme, hakusema, na mimi nikanyamaza.

Tajiri alipiga simu mchana kutwa. Alimpata mtu wa maliasili wa wilaya kule, akaambiwa wameshaingia ndani kabisa, gari limeachwa, wanakwenda kwa miguu. Jioni alimshika baba mkono, akamwambia mzee wangu kapumzike. Baba akamrudishia ufunguo wa chumba cha nyuma. Kile nilichoogopa kiliniangukia vilevile, kwa kuchelewa siku mbili, na siku mbili zile ndizo zilizokuwa na thamani.

Jumatano iliyofuata nilipita kwa Mangi. Duka lilikuwa limefungwa. Kariakoo duka la Mchaga likifungwa Jumatano huulizi, unajua. Kulikuwa na karatasi imebandikwa mlangoni, nikaisoma maneno mawili tu nikakaa chini barazani.

Nyati alipigwa risasi ya kwanza, akajeruhiwa, akageuka. Mangi akavuta bunduki aingize ya pili, haikuingia, na nyati akamfikia. Kijana wa kufuata nyayo ndiye aliyesimulia msibani, tena alisimulia kwa kushangaa: walipoifungua bunduki baadaye walikuta nusu ya ganda imebaki ndani, imekatika kama imekatwa kwa msumeno, kipande kimeziba njia. Waombolezaji wakatikisa vichwa. Bunduki ya zamani, wakasema. Siku yake ilifika, wakasema. Baba alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini.

Tajiri alikuwepo pia. Alitupita, akainama kidogo sikioni kwa baba. “Mzee, limeshatokea. Liishie hapa.” Akaenda kukaa na wakubwa.

Msiba ulikuwa nyumbani kwake Ilala, na siku ya pili mwili ulikuwa usafirishwe kwenda Kilimanjaro. Watani tulikusanyika mlangoni, Wapare kama kumi na tano, kama inavyotakiwa. Jeneza lilipotoka tukalizuia. Wengine walianza: huyu hatoki, ana chupa yangu ya chai. Mwingine akasema mfungue tuhakikishe, asije akawa ametoroka marejesho ya mkopo. Watu wakaanza kutabasamu na macho yao mekundu, ndiyo kazi ya mtani hiyo. Kisha wakaanza kumwita baba. Mpare wake yuko wapi? Aje na sarafu!

Nilimwongoza kwa kiwiko. Baba akaweka kiganja juu ya jeneza, akapapasa mpaka upande wa kichwa. Akatoa sarafu mbili mfukoni, akazitikisa, akainamisha sikio, kama alivyokuwa akisikiliza maganda. Alisikiliza muda mrefu. Watu walikwisha kuanza kucheka.

“Nimemuua mimi,” akasema.

Wakacheka.

“Mimi sioni. Waya wangu ulikatika ncha, sikuuona. Ganda lilikuwa bovu nikampa. Alhamisi nikamfuata dukani kwake nikamwambia, akanionyesha noti.”

Waliokuwepo dukani siku ile wakapiga kelele kwa furaha, wakaanza kuwasimulia wenzao: ndiyo, hata noti, aliitazama nguzo! Kicheko kikapita ua mzima. Baba akainua sauti, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni. “Jamani, nisikilizeni! Nikamateni! Nasema kweli, sitanii!” Na kadiri alivyolia ndivyo walivyocheka, wanaume wazima wanashikilia nguzo za turubai, wanasema hajatokea mtani kama huyu, Mangi huko aliko anafurahi.

Tajiri alikuwa anatazama viatu vyake.

Mjane wa Mangi alitoka kwa wanawake wenzake. Siku nne hakuwa amekula wala kusema neno, dada zake walishaanza kumwogopea. Alikuwa anacheka. Alicheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia baba, akamtia kiganjani noti ya watani, akaikunja mikono ya baba juu yake. “Asante, Mpare wake,” akasema. “Asante. Ulikuwa unampenda.”

Kisha akanigeukia mimi, anajifuta kwa ncha ya kanga.

“Na wewe mchokozi, mbona umenuna? Alikuwa anakusimulia mpaka mezani. Nichekeshe na wewe, mwanangu, nisafiri nimecheka.”

Nilimtazama machoni.

“Baba alitaka tajiri ampigie simu,” nikamwambia. “Angerudi. Mimi nilikataa.”

Alinipiga kofi la bega, akajishika tumbo, akacheka mpaka dada yake akamletea kiti.